Kabla Umwite Mtu Mwizi, Gandisha Vichwa vya Jedwali Lako

Leo sina video. Hii stori nimejaribu kuirekodi mara tatu, na kila mara nikifika katikati sauti inakwama, kwa hivyo acha niiandike tu.

Mwaka jana nilimwita senje yangu mwizi. Sikutumia hilo neno, lakini kila mtu aliyesoma ujumbe wangu alielewa hivyo. Nilifanya hivyo kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, saa tano usiku, siku nne kabla ya kumzika kuka. Na sababu yote ilikuwa kwamba nilikuwa nasoma jedwali refu kwenye simu, na ule mstari wa juu wenye majina ya safu ulikuwa umepotea.

Najua. Inakaa kitu kidogo sana. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kwa wale hawajui, kwetu Kakamega kuka ni babu, na senje ni dada ya baba. Kuka alipofariki, kamati ya matanga iliundwa hapa Nairobi siku hiyo hiyo, venye hufanyika: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Senje akawa mweka hazina, ju amekuwa mweka hazina wa kila kitu tangu nizaliwe. Chama, kanisa, hata harambee ya karo yangu ya kidato cha kwanza. Excel hajui. Alikuwa anaandika kwenye daftari, kisha usiku binamu yangu anazichukua hizo namba na kuziweka kwenye lahajedwali ndio watu wa mbali waone. Lahajedwali ni jina la darasani. Mtaani tunasema Excel hata kama ni Google Sheets, vile dawa yote ya meno ni Colgate.

Faili ilikuwa na watu 187 na safu sita: namba, jina, simu, ahadi, alichotoa, tarehe. Mimi ndiye msee wa kompyuta kwa hiyo familia. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini printa ikikataa bado ni mimi naitwa. Kwa hivyo nikaombwa nihakikishe hesabu. Nilikuwa kwa matatu, natoka kushuti, simu iko asilimia 12. Nikafungua faili. Mistari kama ishirini ya kwanza ilikuwa ya wazee na watu wa karibu, wale waliahidi na kutoa papo hapo. Elfu tano, elfu tano. Elfu kumi, elfu kumi. Safu mbili zinafanana kabisa. Nikaona kila kitu kiko sawa, nikaendelea kushuka.

Sasa, ukishuka chini, mstari wa kwanza unapanda juu na kutoka kwenye skrini. Nilipofika mstari wa 60, nilikuwa naona tu jina, namba ya simu, halafu 2,000, halafu 500, halafu tarehe. Hiyo 2,000 ni ya nini? Na 500? Akili yangu ikajijibu bila kuniuliza: ya kwanza ni pesa aliyotoa, ya pili ni salio. Kumbuka kwenye hiyo faili hakukuwa na safu ya salio. Niliibuni mimi mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na kitu juu ya skrini cha kunikatalia.

Nikajumlisha safu niliyodhani ni ya pesa zilizotolewa. Nikapata 312,500. Nikaangalia ujumbe wa senje wa jioni hiyo: zimeingia 268,000. Tofauti, 44,500. Nikaandika kwenye grupu: "Samahani, lakini kuna 44,500 haionekani. Mweka hazina atueleze tafadhali." Nikaweka na skrinshoti, nimeikata vizuri, mistari kumi na tano ya katikati. Bila vichwa.

Mnajua grupu za familia. Baba mdogo mmoja akasema ndio maana alitaka pesa ziwekwe na watu wawili. Mwingine akaweka yale macho mawili. Mtu ambaye hakuwa ametoa hata shilingi akaandika insha kuhusu uaminifu. Kufika saa sita usiku, senje hakuwa amejibu chochote.

Saa kumi na mbili asubuhi akanipigia. Hakufoka.

"Mwanangu, umeamka? Fungua ile karatasi yako. Panda juu mpaka mwisho. Umefika? Sasa nisomee, pale pesa zinaanza pameandikwa nini?"

Nikasoma. Ahadi.

"Na inayofuata?"

Alichotoa.

Akanyamaza kidogo. "Basi sasa unajua hiyo elfu arobaini na nne na mia tano iko wapi. Iko kwa mifuko ya wenye waliahidi."

Niliomba msamaha kwenye grupu kabla sijaosha uso. Lakini wasee, msamaha hausomwi vile lawama inasomwa. Usiku ule kila mtu alikuwa macho. Asubuhi nikapata "sawa" tatu na emoji za mikono. Kwenye mazishi, mzee mmoja ambaye hata hayuko kwa hiyo grupu alimuuliza senje, mbele ya watu wanaokula, kama ile pesa ilipatikana. Tangu siku hiyo amekataa kuweka pesa ya mtu yeyote. Chama amerudisha. Kanisani amerudisha. Familia ilipoteza mweka hazina wake mzuri, na mimi ndiye nilimpoteza.

Hapo ndipo maoni yangu yanaanza. Ukitumia watu jedwali refu, na ukishuka mistari ishirini hujui tena safu gani ni ya nini, hujamaliza kazi yako. Na ukichukua kipande cha jedwali kama hilo ukakiweka mbele ya watu bila vichwa, unaeneza umbea. Haijalishi namba zenyewe ni za kweli. Namba zangu zote zilikuwa za kweli. 312,500 ilikuwa jumla sahihi kabisa, ila ya kitu kingine.

Baada ya mazishi niliona lile daftari la senje. Kila ukurasa, juu kabisa, ameandika tena kwa biro nyekundu: Jina, Ahadi, Ametoa, Tarehe. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua na yeye ndiye anajua mpangilio. Akaniangalia kama mtoto. "Nikifungua katikati nitajuaje? Na nikifa, nyinyi mtajuaje?"

Mama hajawahi kushika kompyuta, lakini daftari lake lilikuwa na kitu faili yetu haikuwa nacho. Na si ati ni ujanja wake peke yake. Hata karani mwenye leja ya karatasi huandika vichwa kila anapofungua ukurasa mpya. Waliotengeneza kompyuta pia walijua. VisiCalc, programu ya kwanza ya lahajedwali kwa kompyuta za kibinafsi, ilitoka mwaka wa 1979 ikiwa ya Apple II, imeundwa na Dan Bricklin na Bob Frankston. Jedwali lake lilikuwa na mistari 254 tu, na tayari lilikuwa na amri ya kufunga vichwa visisogee. Leo karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576, na bado watu wanashuka wakiwa vipofu.

Kwa nini? Nafikiri ni venye tulifundishwa. Baada ya fomu four nilifanya ile kozi ya kompyuta ambayo nusu ya Kenya imefanya, ukapata cheti chenye rangi. Tulijifunza kuweka rangi kwenye seli, tukajifunza kuchora chati ya duara. Jedwali la mfano lilikuwa na wanafunzi wanane. Wanane! Kila kitu kinaonekana kwenye skrini, kwa hivyo hakuna mtu angeona umuhimu wa kugandisha chochote. Chuoni nikakutana na Excel kwenye mtihani wa karatasi: taja faida tano za lahajedwali. Nikataja. Nikapita. Halafu maisha yakanipa faili ya watu 187 nikiwa kwa matatu.

Kwa hivyo acha nifundishe kile hakuna mtu alinifundisha. Maneno ya menyu nayaacha venye yameandikwa kwenye skrini ndio uyapate.

Kwenye Excel ya kompyuta, kwanza rudi juu kabisa: Ctrl na Home. Usiruke hii hatua, kwa sababu Excel hugandisha mstari ulio juu ya skrini wakati huo. Ukiwa umeshuka mpaka mstari wa 50, utagandisha wa 50, na ile iliyo juu yake hutaweza kuifikia mpaka ugandue. Ukishafika juu, nenda View, kisha Freeze Panes, kisha Freeze Top Row. Imeisha. Shuka hadi utakako, vichwa vinabaki pale.

Lakini faili nyingi za huku kwetu hazianzi na vichwa. Zinaanza na "KAMATI YA MAZISHI YA MAREHEMU" kwa herufi kubwa, halafu mstari mtupu, halafu ndio vichwa viko mstari wa tatu. Hapo Freeze Top Row itakugandishia jina la marehemu peke yake. Badala yake, bonyeza seli iliyo chini ya vichwa na kulia kwa safu ya majina, kisha chagua Freeze Panes, ile ya kwanza kwenye orodha. Kila kitu kilicho juu ya hiyo seli na kila kilicho kushoto kwake kitabaki. Kama vichwa viko mstari wa 3 na majina yako safu ya B, bonyeza C4. Sasa ukienda chini unajua safu ni ya nini, na ukienda kulia unajua mstari ni wa nani. Hiyo ndiyo njia ya kupata vyote viwili. Ukichagua Freeze Top Row halafu Freeze First Column, ya pili inaiondoa ya kwanza.

Kwenye Google Sheets ya kompyuta ni View, kisha Freeze, kisha unachagua mistari mingapi. Kwa simu, gusa namba ya mstari na uishikilie mpaka menyu itokee, kisha utafute Freeze. Usigandishe mistari mingi kwa simu, ju skrini yote itajaa vichwa na hutaona data.

Kuna njia ingine ya Excel naipenda zaidi: bonyeza popote ndani ya data, kisha Ctrl na T. Data yako inakuwa jedwali rasmi, na ukishuka chini, pale juu palipokuwa na A, B, C panageuka kuwa majina ya safu zako, bora tu uwe umebonyeza ndani ya jedwali. Ukitaka hata fomula zitumie majina, zinaweza kusoma jina la safu, Ahadi, badala ya D2 mpaka D188. Ningeandika fomula yenye neno Ahadi ndani yake, singepost ule ujumbe.

Na kama mtachapisha, kumbuka kugandisha kwa Excel ni kwa skrini tu. Kwa karatasi nenda Page Layout, kisha Print Titles, halafu uonyeshe mstari wa vichwa pale pameandikwa Rows to repeat at top. Kila ukurasa utatoka na vichwa vyake, kama daftari la senje.

Sasa najua kuna msee anasema, "Buda, hii ni mambo ya saa hii? Si utumie AI ikusomee faili?" Tumia. Mimi pia natumia. Lakini ukiipa picha ya mistari kumi na tano isiyo na vichwa, itakisia pia, kama mimi tu, na itakisia kwa Kiswahili sanifu chenye kujiamini. Anayejua ile safu ni ya nini ni yule aliyeandika kichwa chake.

Mwingine atasema mtu mwenye akili hawezi kuchanganya ahadi na malipo. Mwaka wa 2010, maprofesa wawili wa uchumi, Carmen Reinhart na mwenzake Kenneth Rogoff wa Harvard, walitoa utafiti kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi. Wanasiasa wa nchi kubwa waliunukuu kutetea kubana matumizi. Mwaka wa 2013, mwanafunzi wa Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akaomba faili yao ya Excel ndio afanye zoezi la darasa. Akapata kwamba fomula moja ya wastani ilikuwa imeacha nje nchi tano. Hilo halikuwa kosa pekee aliloona, na halikuwa kosa la vichwa. Lakini linakuonyesha kwamba hata Harvard mtu anaweza kujumlisha kitu tofauti na anachodhani anajumlisha. Na aliyeona alikuwa mwanafunzi aliyefungua faili yenyewe akaangalia fomula inasoma nini.

Hii inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 2024 kizazi chetu kilisoma Mswada wa Fedha. Wasee walichambua vifungu, wakavieleza kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani. Najivunia hiyo. Lakini pesa ya umma ikishatumika huwezi kuifuata kwa vifungu, inabidi uifuate kwa majedwali. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kaunti zenye kurasa na kurasa za namba: bajeti iliyoidhinishwa safu moja, pesa iliyotolewa na hazina safu nyingine, pesa iliyotumika safu nyingine. Hizo ni pesa tatu tofauti. Kaunti inaweza kutengewa pesa isiipate, na inaweza kuipata isiitumie. Halafu kichwa mara nyingi ndicho kinakwambia namba ziko kwa mamilioni. Ukiona 4,200 bila kichwa unaweza kudhani ni shilingi elfu nne. Ukiona kichwa unajua ni bilioni 4.2.

Sasa angalia skrinshoti zinazozunguka mtandaoni. Kipande cha jedwali, duara jekundu, "ONA VENYE WAMEKULA". Vichwa vimekatwa. Labda kweli wamekula. Labda ni bajeti, na pesa haijatoka hata. Na mwizi wa kweli anafurahi sana ukimshtaki kwa safu isiyo yake, kwa sababu anakujibu mara moja, anakuonyesha umekosea, na kesho hata ukiwa na ushahidi mzuri hakuna mtu anakuskiza. Kwa hivyo ukipakua hizo namba ukaziweka kwa Excel, gandisha vichwa kwanza. Halafu kila skrinshoti utakayopiga, iwe mstari wa 10 ama wa 10,000, itatoka na majina yake.

Na vichwa vyenyewe viwe vichwa. "Kiasi" haiambii mtu kitu. Kiasi cha nini? Andika "Ahadi kwa shilingi". Andika "Alichotoa kufikia leo". Kwa ile faili yetu, safu ya nne ingeitwa "Ameahidi, bado si pesa", pengine hata mimi, na usingizi wangu na asilimia yangu 12, ningesimama.

Mwezi uliopita shangazi wa upande wa mama alilazwa hospitali, na familia ikaanza mchango mwingine. Hakukuwa na mtu wa kuweka hesabu. Senje akakataa kama kawaida. Nikajitolea kuandika, akubali tu kuangalia. Nikatengeneza faili, vichwa vimegandishwa, majina yamegandishwa, nikamtumia kwa simu, kisha nikaenda kwake Jumapili kumwonyesha.

Aliichukua simu, akaiweka mbali na macho venye wazee huweka. Akashuka mpaka chini. Akapanda. Akashuka tena, akasimama katikati, mahali pengine kama mstari wa 40, akaguza kichwa cha safu kwa kidole kana kwamba anaangalia kama kimekauka.

"Hii sasa ni daftari," akasema. Akanirudishia simu, akaenda jikoni kuweka chai.

Bado hajakubali kuwa mweka hazina. Sijamlazimisha. Lakini kila jioni naskia simu yangu, ni yeye, anauliza kwa nini mstari fulani umeandikwa hivi na si vile.

Basi kabla uendelee kuskroli, fungua ile faili ya chama chenu, ama ya darasa, ama ya timu ya mtaa. Shuka mpaka mstari wa mwisho. Kama hujui safu ya tatu ni ya nini, wewe ni mimi kwa matatu. Panda juu, ugandishe, halafu urudi hapa chini uniambie ulipata nini.